Halmashauri mbili, hospitali moja: tupeane uzoefu

Mzee wa Zabibu: Mbukwenyi wana Dodoma. Leo nimeenda kumwona shemeji wodini, nikakuta watu wa halmashauri ya mji na wa halmashauri ya wilaya wanavutana nani alipe umeme wa hospitali. Mliowahi kukwama katikati, mwageni.

Mama Uwele: Usinikumbushe mzee wangu.

Fundi Alizeti: 2016, wilaya yetu ilikuwa imeshagawanywa. Hospitali ilibaki mjini, sisi wa vijijini tukabaki na barabara. Mke wangu alishikwa uchungu saa 2 usiku. Kituo cha afya wakasema mtoto kakaa vibaya, tukakimbilia hospitali. Daktari naye akasema chumba cha upasuaji hakina dawa ya usingizi, apelekwe Dodoma. Gari la wagonjwa lipo, naliona, ubavuni jina la wilaya ya zamani limekwanguliwa nusu. Dereva ananiuliza, "Kata gani?" Nikataja. Akashusha pumzi. "Karatasi ya mafuta ya kata hiyo inasainiwa na mkurugenzi wenu, siyo wetu." Saa 6 usiku! Mkurugenzi wetu simu imezimwa. Mke wangu ameng'ang'ania mkono wangu, haongei tena. Nilipata Noah kwa 120,000, nusu nikaacha simu rehani. Wamepona wote wawili. Ila lile swali la kata, mpaka leo nikilisikia hata kwenye sensa mwili unasisimka.

Mama Uwele: Pole baba. Mungu mkubwa.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, dereva usimlaumu. Akitoka bila karatasi, anakatwa mshahara yeye.

Fundi Alizeti: Simlaumu. Nilitaka kumpiga tu.

Kijana wa Nkuhungu: Lakini hospitali si zilihamishiwa Wizara ya Afya?

Nesi Mstaafu: Hizo ni za rufaa za mikoa, 2017. Za wilaya zimebaki kwa halmashauri, chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Soma kwanza.

Kijana wa Nkuhungu: Nimeuliza tu bibi, mbona ukali?

Nesi Mstaafu: Bibi yako yuko kwenu.

Mkulima Bahi: Mkimaliza kugombana, sisi 2007 Dodoma Vijijini ilipokatwa Bahi na Chamwino, hospitali ya Mvumi iliangukia Chamwino. Pale jengo la Kanisa Anglikana, ruzuku ya serikali, na wagonjwa hawaulizwi mpaka. Shida ni kwenye vikao: kila diwani anataka hospitali iwe yake siku ya kuzindua wodi, siku ya deni la dawa la MSD, bohari ya dawa ya serikali, ni ya jirani.

Mama Uwele: 😂😂 Sema tena.

Mama Uwele: Na kadi za zamani za CHF, bima ya afya ya jamii! Ukivuka mpaka ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Angalau CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa watu 6, ilikubalika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mzee wa Zabibu: Ushauri basi kwa wenye wajawazito.

Nesi Mstaafu: Wiki mbili kabla, hamia kwa ndugu karibu na hospitali.

Mkulima Bahi: Ndugu wa mjini ukifika na mizigo anasafiri. Mbane diwani.

Kijana wa Nkuhungu: Diwani? Nunua dumu la dizeli, weka uvunguni.

Nesi Mstaafu: Uchome nyumba.

Mzee wa Zabibu: Fundi, lile gari liliishia wapi?

Fundi Alizeti: Lipo chini ya mwarobaini. Kuku wanataga kwenye machela.

Kijana wa Nkuhungu: Na mayai ni ya halmashauri gani?