Mahoteli ya ufukweni Mwanza, acheni kutuuzia mimosa ya juisi ya boksi na shampeni iliyoisha gesi!

Wakuu, habari za Jumapili. Moderata, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa huduma mbovu za mahoteli kwa jumla. Mimi nina jambo moja tu na nataka wahusika walisome kama lilivyo.

Mimosa ni vitu viwili: juisi ya machungwa na mvinyo wenye gesi, vyote vya baridi. Basi. Hakuna kupika, hakuna kuunga, hakuna siri ya mpishi. Sasa inakuwaje mji wenye machungwa kama haya ushindwe kumpa mteja glasi moja ya maana siku ya Jumapili? Wanaharibu vyote viwili kwa mpigo, halafu bili inakuja imenona.

Juzi tulimtoa wifi yangu kula branchi ya siku yake ya kuzaliwa, kwenye hoteli moja inayotazama ziwa. Jina silitaji, sina nia ya kutia mchanga kitumbua cha mtu, na isitoshe ugonjwa huu hauko kwao peke yao. Menyu imeandikwa vizuri kabisa: mimosa, juisi freshi ya machungwa na shampeni, Sh 22,000 kwa glasi. Tukaagiza za meza nzima.

Zikaja. Ukingoni mwa kila glasi wamechomeka kipande cha chungwa, kimekatwa muda huo huo, ganda la kijani linang'aa, harufu unaipata kabla hujainua glasi. Ndani ya glasi sasa? Juisi ya boksi. Hakuna hata uzi mmoja wa nyama ya chungwa, rangi kali ya kupakwa, utamu unaong'ang'ania kwenye meno. Na gesi hakuna. Nimeinua glasi juu kwenye mwanga wa ziwa, hakuna hata kipovu kimoja kinachopanda. Yaani chungwa lenyewe wamelifanya pambo, boksi ndilo wakalifanya kinywaji!

Nikamwita kijana aliyetuhudumia. "Mdogo wangu, samahani, hii shampeni mmeifungua saa ngapi?"

"Dada, hii ilifunguliwa jana usiku kwenye shughuli, lakini ilikaa kwenye friji."

Nikamwomba aniletee chupa niione. Imebaki kama robo hivi, na mdomoni wamening'iniza kijiko cha chai. Nikamuuliza kijiko cha nini. "Bosi alituambia kinazuia gesi isitoke."

Kijana simlaumu, kafundishwa hivyo na amejibu kwa adabu. Ninaowalaumu ni wenye biashara, watu wazima, wanaofundisha vijana upuuzi na kuwaacha waaibike mbele ya wateja. Kijiko hakizuii kitu chochote. Chupa ya shampeni ikiwa imefungwa ina mgandamizo wa angahewa 5 hadi 6, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana kizibo chake kinafungwa kwa waya. Leo gesi yenye nguvu hiyo mnaizuia kwa kijiko kinachoning'inia? Kuna vizibo maalumu vya kubana mdomo wa chupa, vina mikono miwili ya chuma, bei yake ni ndogo na unavitumia miaka. Ukifunga nacho na chupa ikakaa kwenye baridi, kesho yake bado kuna uhai. Kama huna kizibo hicho, chupa ikifunguliwa imalizike siku hiyo hiyo. Kilichobaki peleka jikoni kwenye mchuzi, usimletee mteja wa asubuhi.

Akaja meneja. Hapo ndipo nilipochemka kabisa. Ananiambia, "Mama yangu, machungwa ya kwetu ni ya kijani, juisi yake inapauka, wageni hawaipendi."

Jamani! Chungwa la kwetu linakuwa kijani kwa sababu ya hali ya hewa, si kwa sababu halijaiva. Ganda hugeuka rangi pale usiku unapokuwa na baridi ya kutosha, na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, baridi hiyo hatuna. Ndani limeiva na limejaa maji. Machungwa yanavuka na meli kutoka Nansio, Ukerewe, yanateremshwa hapa hapa mjini, kina mama wanayapanga mafungu barabarani, wewe unapita na gari lako kwenda kununua boksi dukani? Na kama shida yako kweli ni rangi, kamulia chenza moja au mbili kwenye jagi la machungwa. Rangi inakolea na harufu inaongezeka. Hilo nimemwambia meneja pale pale, akabaki anatikisa kichwa tu.

Na hayo maboksi someni ubavuni kabla hamjayapanga kaunta. Mengi yameandikwa nekta, maana yake ni juisi iliyoongezwa maji na sukari. Ukichukua maji ya sukari ukachanganya na mvinyo mtamu, unampa mtu sharubati. Maana huko kwenye mvinyo nako ni balaa lingine. Mimosa inataka mvinyo mkavu ulioandikwa Brut, ambao sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, kwa sababu utamu unatoka kwenye chungwa. Wao wanaweka Demi-Sec, gramu 32 hadi 50 kwa lita, eti ndiyo wateja wanaipenda. Na anayenunua awe makini na Extra Dry: jina linakudanganya kuwa ni kavu zaidi, kumbe ina sukari kuliko Brut.

Kuna wengine, hawa si hoteli ile, wanafungua ile juisi ya zabibu yenye gesi isiyo na kilevi, tunayoifahamu wote kwenye maharusi, wanamimina kwenye glasi ndefu na kuiuza kwa bei ya mvinyo. Kinywaji chenyewe sina ugomvi nacho, asiyekunywa pombe ana haki ya glasi nzuri mezani kama mwenzake. Lakini mwambie, na umtoze bei yake! Vilevile anayeendesha gari ana haki ya kujua anachokunywa. Mvinyo huu una kilevi cha asilimia 11 au 12, ukichanganya nusu kwa nusu unabaki na kama asilimia 6. Hiyo si juisi.

Baridi ndiyo inayoniuma kuliko vyote. Huu ni mji unaosafirisha minofu ya sangara mpaka Ulaya, inafika na ubaridi wake. Barafu Mwanza haijawahi kuwa bidhaa adimu. Halafu hoteli ya ufukweni inaniletea mvinyo vuguvugu na kutumbukiza vipande vya barafu ndani ya glasi ili kuficha aibu! Barafu ikiyeyuka umebaki na maji ya machungwa. Mvinyo wenye gesi unanywewa kwenye nyuzijoto 6 hadi 8. Ukiwa wa moto gesi inakimbia yote mara tu unapomiminwa, kwa sababu kimiminika cha baridi ndicho kinachoshika gesi. Umeme umekatika? Chukua ndoo, weka barafu, mimina na maji juu yake, tupia chumvi kiganja, zamisha chupa mpaka shingoni. Maji ni muhimu, yanagusa chupa kila upande. Barafu peke yake inagusa hapa na pale. Nusu saa haipiti, chupa iko tayari.

Bei sasa. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, kinataja mililita 75 za juisi iliyokamuliwa na mililita 75 za Prosecco, mvinyo wa gesi wa Italia. Chupa ni mililita 750, kwa hiyo inatoa glasi 10. Kwa Sh 22,000 kila glasi, chupa moja imeingiza Sh 220,000. Ile chupa niliyoiona na kijiko chake, nimeikuta dukani mjini Sh 38,000. Najua kuna kodi, mishahara, umeme, leseni na hiyo mandhari ya ziwa, sibishi. Tozeni. Lakini kwa faida hiyo mmekosa kweli hela ya fungu la machungwa? Na risiti tukaletewa karatasi ya kuandika kwa mkono, mpaka tulipoidai ya mashine.

Najua kuna watakaokuja hapa na "hayo mambo ya Wazungu, kunyweni chai na vitumbua". Chai na vitumbua tunakunywa nyumbani. Aliyeweka mimosa kwenye menyu ni yeye, hatukumlazimisha. Na ni kinywaji chenye historia yake: mwaka 1921 klabu ya Buck's ya London ilikuwa tayari inachanganya shampeni na juisi ya machungwa, mvinyo ukizidi juisi, na mimosa yenyewe wengi huihusisha na Frank Meier, mhudumu wa baa wa hoteli ya Ritz, Paris, mwaka 1925. Imefanyika miaka yote hiyo kwa mikono tu na kikamulio.

Kwa hiyo wenye mahoteli, sikilizeni, ni kazi ya dakika chache. Machungwa yalazwe kwenye friji tangu jana yake, yakamuliwe asubuhi hiyo, juisi ichujwe, kwa sababu nyama nyama zinaamsha povu na glasi inafurika. Usikamue mpaka ganda jeupe, uchungu unatoka huko. Chupa ifunguliwe mezani, mteja akiona. Na tafadhali acheni kuitikisa na kufyatua kizibo ili watu warekodi video! Siku moja kitamtoa mtu jicho, na nusu ya mvinyo aliolipia inaishia sakafuni. Legeza waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa, shika kizibo kisiende popote, zungusha chupa taratibu. Ikifunguka vizuri inapumua tu. Mimina mvinyo kwanza kwenye glasi nyembamba ndefu uliyoiinamisha, kisha juisi juu yake. Juisi ni nzito, itashuka na kujichanganya yenyewe, usikoroge na kijiko. Wala huhitaji shampeni ya Ufaransa. Prosecco ya Italia, Cava ya Hispania au ule mvinyo wa gesi wa Afrika Kusini unatosha kabisa, ila andikeni kwenye menyu jina la kile mnachomimina. Kuandika shampeni wakati chupa haikutoka Champagne, eneo la Ufaransa lenye jina hilo, ni kutudanganya mchana kweupe.

Tuliomba zibadilishwe. Wakatuletea nyingine za boksi lile lile, safari hii na chupa mpya isiyo na baridi. Wifi yangu akanywa ili asiharibu siku, mimi yangu niliirudisha ikiwa imejaa na nikakataa kuilipia. Na nawaambia kina dada na kina kaka wote mnaosoma hapa, fanyeni hivyo hivyo. Rudisha glasi, kwa upole, usimfokee mhudumu, mwite meneja.

Wenye mahoteli najua mpo humu, jibuni. Na wadau mnaofahamu sehemu yoyote, kuanzia Capri Point, Kirumba hadi Ilemela, ambako chungwa linakamuliwa ukiona na chupa inafunguliwa mbele yako, wekeni hapa chini pamoja na bei ya glasi.