Naombeni ushauri: nimepewa kipindi cha fadhila na imani, nahisi ninawafundisha watoto kuigiza

Mwalimu wa Hesabu (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa.

Nafundisha shule ndogo ya binafsi ya Kikristo. Wanafunzi hawafiki 80, walimu tuko saba ukimhesabu mkuu wa shule ambaye naye anaingia darasani. Nilikuwa na hesabu zangu na amani yangu. Muhula huu mwenzetu aliyeshika kipindi cha dini na maadili ameondoka, watu wakatazamana ofisini, macho yote yakaishia kwangu.

Utaratibu niliourithi ni huu. Kila mwezi una fadhila yake. Ukutani kuna chati yenye majina ya watoto wote, na anayeonekana ametenda fadhila ya mwezi anabandikiwa nyota. Mwisho wa mwezi mwenye nyota nyingi anaitwa mbele mstarini, anapigiwa makofi.

Mwezi wa uaminifu ndio ulionizindua. Kalamu zilianza kupotea na kupatikana kwa wingi wa ajabu. Mtoto anakuja, "Mwalimu nimeokota, si yangu," nambandikia nyota. Wiki ya pili nikagundua kuna wawili wamepangana: leo huyu anaangusha yule anaokota, kesho wanabadilishana. Nilicheka. Usiku nikakosa usingizi.

La pili linaniuma zaidi. Kuna mvulana wa miaka 12 amefiwa na bibi yake. Katikati ya kipindi akauliza: "Tulimwombea kila asubuhi hapa hapa. Ile sala ilikwenda wapi?" Darasa zima kimya. Nikamjibu kwamba mambo ya Mungu hayahojiwi, nikafungua ukurasa uliofuata. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu, hata kwenye hesabu, na huyo alikuwa hachoki kunyoosha mkono.

Na sasa mkuu wa shule anataka ripoti za muhula ziwe na alama za fadhila na imani, A mpaka E, kama masomo mengine.

Nisaidieni. Sitaki kuambiwa niache kazi, naipenda shule hii.

Mpita Njia

Yaani mtoto apeleke nyumbani karatasi imeandikwa "Imani: C, aongeze bidii"? Nimekaa pale nasoma maoni.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa kipindi, hongera kwa kukosa usingizi. Mimi nimefundisha shule za namna hiyo mpaka nikastaafu, na kuna walimu niliowajua ambao mchezo wa kalamu ungewapita mwaka mzima bila wao kustuka.

Hao wawili hawajafeli somo lako. Wamelielewa vizuri mno. Uliwaambia mali ni nyota, nao wakaitafuta mali. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu huko Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja waliliahidi cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. Siku kadhaa baadaye, watoto walipoachwa wachague wenyewe cha kucheza, wale walioahidiwa zawadi walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa zawadi kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa kabla, hawakupoa. Kuchora si fadhila, najua, lakini nadhani unaona ninakoelekea.

Tena hiyo ni shule ya Kikristo! Fungueni Mathayo 6 mstarini siku moja, pale penye "mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume", halafu mgeuke muitazame hiyo chati.

Sasa ufanye nini? Aristotle alishasema kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu. Basi watafutie kazi ya kweli ambayo isipofanywa kuna mtu ataumia. Mtoto mkubwa apewe mdogo wa kumsomesha, siku hizo hizo kila wiki, muhula mzima, na asipotokea yule mdogo abaki anamsubiri. Hapo ndipo uaminifu unapata uso. Kutunza funguo za maktaba, kuhesabu mipira na kusema ukweli umepotea mmoja, kumpelekea mgonjwa madaftari. Sifa zipo, ila zisemwe pembeni kwa maneno ya kawaida: "Nimeona ulivyomsubiri mwenzako. Ahsante." Basi. Asiitwe mbele.

Akikosea, usikimbilie kumtaka atubu mbele ya darasa. Mwulize: nani ameumia, na utalirudishaje? Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuishia kusikitika. Alisema atarudisha mara nne. Watoto wanaipenda sana hadithi hiyo kwa sababu ina hesabu ndani yake, na wewe ni mwalimu wa hesabu.

Jingine, na hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilichelewa kipindi, nikawaambia watoto nilikuwa na kikao. Sikuwa na kikao, nilikuwa napiga soga. Mtoto mmoja alikuwa ametumwa ofisini, ameniona. Hakusema neno, ila alinitazama. Kesho yake nikasimama nikasema ukweli. Sidhani kama kuna kipindi changu cha uaminifu kilichosikilizwa kuliko zile dakika mbili.

Mama wa Watatu

Naomba nitofautiane kidogo na Kalamu Nyekundu, shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi. Mwanangu wa mwisho ni mwoga, kusalimia tu ilikuwa vita. Nyota ndizo zilizomsogeza. Sasa hivi anasalimia hata asiyemjua na nyota alishazisahau. Msiwavunjie wadogo ngazi kwa sababu wakubwa wamejifunza kuichezea.

Pia sisi wengine tulichagua shule ya dini kwa makusudi. Nikisikia "tusiwalazimishe, tuwaache wachague" naanza kuwa na wasiwasi kwamba mwishowe hakutafundishwa chochote. Imeandikwa: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Kulea ni kazi, si kutazama.

Kalamu Nyekundu

Marahaba mama. Kwa mdogo anayeanza kabisa, sawa, nakubali, ngazi inafaa. Ninachokataa ni ngazi ambayo haiondolewi ukutani, na yenye majina ya wote ili wengine wajue wao ni wa chini.

Ustadhi wa Alasiri

Mimi nafundisha madrasa, lakini ugonjwa mnaousema tunaujua kwa jina lake: ria. Kutenda jema ili watu waone. Ndiyo maana Imamu Bukhari alianza mkusanyo wake wa maneno ya Mtume na hadithi ya kwamba amali ni kwa nia. Mwalimu haioni nia. Anaona mkono ulioleta kalamu.

Nikupe kitu kimoja tu. Katika Surat Luqman, aya ya 13 mpaka 19, kuna baba anamfundisha mwanawe. Angalia mpangilio: anamtaja Mungu, anataja sala, subira, kisha anashuka mpaka kwenye namna ya kutembea na kupunguza sauti. Imani na adabu haviko kwenye vipindi viwili. Na mara tatu anamwita "ewe mwanangu". Mimi nilipokuwa kijana nilifundisha yale yote isipokuwa hilo neno, nikashangaa kwa nini watoto wananikimbia.

Nilisoma Huko

Mnazungumzia nyota, mimi nataka nirudi kwa yule kijana.

Nilisoma shule ya namna hiyo miaka saba. Nilikuwa mtoto wa kukariri, mistari yote kichwani, zawadi zote zangu. Nilipokuwa na miaka 13 niliuliza swali linalofanana na la huyo mvulana, nikajibiwa kama ulivyojibu. Sikuacha kuamini siku ile, msinielewe vibaya. Niliacha kuuliza. Nikaendelea kukariri na kupokea zawadi, huku ndani nikiwa nimeshahama. Imenichukua miaka mingi kurudi, na sikurudishwa na mwalimu.

Kinachonishangaza ni kwamba swali lake limo kwenye Biblia mnayomfundishia. Zaburi ya 13 inaanza: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ayubu analalamika sura kwa sura. Yule baba katika Marko 9 anasema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na hakufukuzwa, mwanawe aliponywa. Mtoto akiambiwa hayahojiwi, kisha siku moja akazisoma hizo mwenyewe, atajua ulimficha.

Mtafute mwalimu. Usimpe jibu la mahali sala ilipokwenda, kwa sababu huna. Muombe radhi na umwulize bibi yake alikuwa mtu wa namna gani.

Msoma Usiku

Kwenye suala la alama za ripoti, mwambie mkuu wako habari ya watafiti wawili, Hartshorne na May. Miaka ya 1920 walipima uaminifu wa maelfu ya watoto wa shule Marekani, kwa kuwaweka mahali ambapo kudanganya ni rahisi: mitihani waliyojisahihishia, michezo, kazi za nyumbani. Matokeo yakachapishwa kati ya 1928 na 1930. Mtoto aliyedanganya kwenye jambo moja haikuwa lazima adanganye kwenye jingine, na kujua jibu zuri kuhusu uaminifu hakukuwa dalili kubwa ya kuwa mwaminifu.

Sasa hiyo "Uaminifu: B" itakuwa ya wapi? Ya kwenye mtihani? Uwanjani? Au ya mbele yako tu?

Kwenye imani ndiyo kabisa. Mpeni alama ya maarifa ya dini: anazijua amri, anaweza kueleza mfano wa Msamaria, anataja fadhila za imani, matumaini na mapendo na zile nne za busara, haki, nguvu na kiasi. Hayo yanapimika, wala mzazi hatasema hamfundishi. Moyo uacheni. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 14, unamtambulia mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, huku ukiheshimu nafasi ya mzazi kumwongoza.

Kwenye sehemu ya tabia mwandike sentensi moja ya jambo mliloliona kwa macho. Kwa watoto 80 na walimu saba, ni watoto kumi na moja na ushee kila mmoja. Inawezekana.

Mpita Njia

Kumi na moja na ushee, mwalimu wa hesabu hapo ametabasamu.

Mwalimu wa Hesabu (mleta mada)

Nimetabasamu kweli. 11.4.

Nawashukuru wote, na samahani kwa kukaa kimya siku tisa. Nilienda kwa mkuu na hoja ya Msoma Usiku. Imani imeondolewa kwenye ripoti, pamebaki maarifa ya dini. Kwenye fadhila amegoma, anasema wazazi wamezoea kuona herufi. Tumekubaliana herufi moja ya tabia kwa ujumla, na sentensi chini yake. Sijaridhika ila nimenyamaza. Chati ya darasa la wakubwa nimeishusha. Ya wadogo ipo, Mama wa Watatu usinikasirikie, ila majina nimeyatoa. Wanabandika nyota za darasa zima.

Wale wawili wa kalamu nimewapa funguo za kabati la vifaa. Mwenzangu mmoja anasema nimemkabidhi fisi bucha. Mpaka leo hakijapotea kitu, ingawa leo ni siku ya nne tu.

Kwa mvulana nilichelewa. Nilizunguka siku tano nikitafuta maneno. Jana nilimkuta anapanga viti baada ya vipindi, nikashika upande wa pili wa benchi. Nikamwambia, "Siku ile nilikujibu vibaya kwa sababu sikuwa na jibu, nikaogopa." Akasema, "Sawa, mwalimu." Nikamwuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Akanyamaza, tukabeba mabenchi mengine mawili, halafu akasema alikuwa akisali kwa sauti kubwa mpaka majirani wanalalamika.

Leo asubuhi amenyoosha mkono. Kwenye hesabu, desimali.

Swali dogo kwa Nilisoma Huko: ile Zaburi ya 13, nikiisoma kesho kwenye ibada ya asubuhi, ataona namlenga yeye?

Nilisoma Huko

Ataona. Mwulize kwanza kama angependa aisome yeye, na akikataa, soma nyingine.