Naomba ushauri: kisima cha mama kiko karibu na mabaki ya makaa ya mawe

Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu anaishi kijijini huko Ruvuma, chini ya kilima yalikorundikwa mabaki ya makaa ya mawe. Tangu mvua zianze, kijito kinaacha utando wa rangi ya kutu kwenye mawe, na kisima chake kiko hatua chache tu kutoka hapo.

Najua mabaki hayo yakipata maji na hewa, salfa iliyomo hugeuka tindikali, nayo huyeyusha metali nzito zenye sumu kama aseniki, risasi na kadimi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mama anachemsha maji akiamini yako salama. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki haitoki, tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukigundua.

Aliyewahi kupimisha metali nzito anisaidie: sampuli niiweke kwenye chupa ya aina gani, na niiwahishe maabara ndani ya muda gani? Nichukue sasa au nisubiri kiangazi? Kwa sasa nimemwambia akinge maji ya mvua. Nimefanya sawa?