Tupeane uzoefu: salsa ya kijani ya mboga za kuchoma

BintiPangani: Jana jirani yangu hapa Houston alichoma pilipili, moshi ukanifuata mpaka sebuleni, nikakohoa hadi machozi. Nikakumbuka salsa yangu ya kwanza. Tomatiyo, yale matunda ya kijani ya Meksiko kama nyanya ndogo, nilizimenya yale maganda makavu nikazitia motoni bila kuziosha. Ule utomvu unaonata ukabaki, salsa nzima ikawa chungu nikaimwaga. Siku hizi naziosha kwa maji ya vuguvugu mpaka zisinate mkononi. Nanyi leteni yenu.

Mzee wa Kigamboni: Kuosha ni lazima. Umenena.

MkaaMwekundu: Huku Mbezi tomatiyo sijawahi kuziona sokoni. Nachukua nyanya mbichi, zile ngumu za kijani, naziweka juu ya wavu na kitunguu maji nusu, pilipili mbuzi mbili, na vitunguu saumu na maganda yake. Ganda linakinga saumu isiungue. Zikibabuka nasaga, natia chumvi, ndimu na giligilani.

Kisiwandui: Hiyo ni chatne, ndugu yangu. Na hayo majani ni kotmiri.

MkaaMwekundu: Salsa kwa Kihispania ni sosi tu. Unataka niite nini?

Nyali_Girl: Sisi Mombasa ni dania, na tunakula vilevile.

MamaPacha: Hiki kisa sijawahi kukiandika. Ilikuwa Desemba, natarajia wageni, na mama mkwe ametoka Tanga wiki ileile. Nimechoma tomatiyo kilo nzima kwa moto wa juu wa oveni, zina madoa meusi, zimetoa maji na bado zinatokota kwenye trei. Pilipili serrano sita, zile kali za Kimeksiko. Nikamimina vyote kwenye blenda, nikabana mfuniko, nikawasha. Mvuke ukakosa pa kutokea. Mfuniko uliruka ukagonga dari, ule uji wa moto ukanipata shingoni na usoni, jicho la kulia likajifumba. Nikamsikia mama mkwe tu: "Inama mwanangu, inama!" Akanishika kisogo akanisukuma chini ya bomba. Nilitaka kujifikicha, akanipiga mkono, maana vidole hivyo ndivyo vilivyopasua pilipili. Alinishikilia pale robo saa, maji yananiingia hadi kifuani. Jicho lilitulia baada ya siku mbili, alama ya shingoni ipo mpaka leo. Kabla ya hapo mimi na yeye tulikuwa wa shikamoo na marahaba tu. Usiku ule alikaa kitandani kwangu akinipaka dawa, akanisimulia alivyoungua yeye kwa mafuta ya maandazi akiwa mwali.

Nyali_Girl: Pole sana dadangu. Nimesoma huku nimeshika shingo.

Kisiwandui: Ungetia maziwa jichoni, hupoza upesi.

MkaaMwekundu: Usimpoteze mtu! Maziwa ni ya kunywa pilipili ikiwaka mdomoni. Jichoni ni maji safi, mengi, na hospitali kama haliachi kuuma.

Kisiwandui: Bibi yangu alitumia maziwa.

MkaaMwekundu: Bibi yako namheshimu. Jichoni ni maji.

Mzee wa Kigamboni: Vaeni glovu mkikata pilipili.

Nyali_Girl: Mimi hupaka mafuta ya kupikia viganjani, basi.

Mzee wa Kigamboni: Halafu kisu kiteleze, binti yangu?

Nyali_Girl: Basi nitamwachia mume wangu, yeye husema hawashwi na kitu.

BintiPangani: Mama Pacha, pole mno. Jamani, acheni mboga zipoe kabla ya blenda, jazeni nusu tu, na mfuniko uwe na upenyo wa mvuke, juu ufunike na kitambaa. Mwenzangu wa kazini, mama wa Kimeksiko, hatumii blenda kabisa. Anachoma juu ya komali, bapa la chuma kama letu la chapati, kavu bila mafuta, halafu anatwanga kwenye kinu cha jiwe la volkano. Anaanza na saumu na chumvi mpaka vilainike, tomatiyo mwishoni. Ile yake unakuta vipande, na harufu ya moshi unaisikia puani kabla hujaonja.

Mgeni wa Muscat: Swali. Nilizipata huku za kopo, nimetengeneza jana. Leo nimetoa kwenye friji imeganda kama jeli. Imeharibika?

MamaPacha: Haijaharibika. Tomatiyo zikipoa ndivyo zilivyo. Tia maji vijiko viwili, koroga, halafu onja tena chumvi.