Kusi ni upepo wa bahari, mbona Dar asubuhi za kipupwe moshi unatuama?

Bonde_la_Chini:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kipimo kidogo cha leza cha PM2.5 (chembe laini za moshi na vumbi hewani) kimefungwa Kigogo, jirani na bonde la Msimbazi. Juni hadi Agosti namba zinapanda saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kufika saa 5 zimeshuka ilhali foleni ya magari ni ileile. Januari hali hiyo karibu haipo. Halafu masika, mvua ikinyesha usiku kucha, kipimo kinapanda tena. Mvua si inasafisha hewa?

Tanga_Moja:
Mkuu, kusi unayoisema ni ya mchana. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko bahari, na kipupwe anga halina mawingu ya kuzuia joto lisipotee. Upepo unageuka, unatoka bara upande wa Pugu kwenda baharini. Ndio upepo ambao wavuvi wanauita umande. Ni mwepesi, na kabla haujafika mjini umeshapita juu ya majiko ya mkaa, taka zinazochomwa na barabara za vumbi.

Karibu na ardhi hewa ni baridi, juu yake kuna tabaka lenye joto zaidi, kwa hiyo moshi haupandi. Hewa baridi ni nzito, inateremka kufuata mabonde kama maji, na Kigogo na Jangwani ndiko inakoishia. Jua likishapasha ardhi tabaka hilo linavunjika, na kwenye saa 4 au 5 upepo wa bahari unaingia. Magari hayajapungua, ila moshi uleule umepata nafasi kubwa ya kutawanyika.

Januari ni msimu wa kaskazi. Inavuma toka baharini, na usiku wake una joto, hivyo umande unakosa nguvu.

Mwani:
Naongezea: wa Masaki, kule ufukweni, wasijidanganye. Moshi uliotoka na umande hauendi mbali, unaelea juu ya maji, na upepo wa bahari ukianza unaweza kurudisha sehemu yake ufukweni. Hewa safi kweli ni ya alasiri. Mazoezi ya kukimbia yahamishieni saa 10, na madirisha fungueni kuanzia saa 5.

Chujio:
Hiyo ya masika ni kipimo kinadanganya. Leza inahesabu mwanga unaotawanywa na chembe, haijui moshi wala tone la maji. Chumvi ya bahari ikikutana na unyevu wa takriban 75% inayeyuka na kuvimba, kwa hiyo chembe moja inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Weka safu ya unyevu kwenye jedwali lako, na saa zote zilizozidi 85% zitenge, usizichanganye kwenye wastani. Kanuni za kusahihisha zilizotengenezwa Marekani usizibandike tu. Moshi wetu wa mkaa na chumvi si wa kwao. Kiweke kando ya kipimo rasmi wiki 2 au zaidi, upate kanuni yako.

Mvua inasafisha, lakini inaokota zaidi vumbi la chembe kubwa. Moshi mwembamba unaponyoka. Na tope lililobaki barabarani likikauka, matairi yanalisaga, siku ya pili vumbi ni zaidi ya mwanzo.

Bonde_la_Chini:
Nimeelewa. Asubuhi kinapita 15 ya Shirika la Afya Duniani, niseme tumevuka kiwango?

Chujio:
Hapana. Ile 15 (mikrogramu kwa mita ya ujazo) ni wastani wa saa 24, na wa mwaka ni 5. Usomaji wa saa moja haulinganishwi nayo. Kabla ya hapo angalia kilipofungwa: mita 2 hadi 3 toka chini, kivulini, mbali na jiko na banda la chipsi. Kifungue kila baada ya miezi michache upulize feni, maana chumvi inaganda kwenye mapanga na hewa inayopita inapungua bila kipimo kutoa onyo lolote.