Picha za bendi usiku hapa Kisumu: mistari ya giza, nyuso nyekundu, na hakimiliki

Mpigapicha_Kondele: Wakuu, nataka kazi ya kupiga picha za wanamuziki inilishe. Nina lenzi ya 18–55. Kwenye klabu za ohangla, muziki wa Kiluo wa kucheza, picha zinatoka na ukungu, nyuso nyekundu tupu, nyingine zina mistari ya giza. Halafu promota akinilipa, picha ni za nani?

TaaNaKivuli: Anza na lenzi. Hiyo yako ukiivuta hadi 55 inaishia f/5.6 (f ni tundu la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Milimita 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na mtumba wake si ghali. Weka shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/200 ya sekunde kwa mwimbaji, 1/320 kwa wachezaji, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200 hadi 6400, na upige RAW, faili ghafi isiyobanwa na kamera.

Mistari inatokana na taa za LED: zinawaka na kuzima upesi mno, na shata ya kielektroniki inasoma picha safu kwa safu. Rudi kwenye shata ya kimakanika. Mistari ikibaki, jaribu 1/100, maana umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Uso mwekundu ni rangi nyekundu iliyofurika, yaani imezidi kiwango ambacho kamera inaweza kurekodi. Ikishafurika, hakuna programu ya kuirudisha, kwa hiyo punguza mwanga kwa stopu moja (yaani nusu) au subiri taa nyeupe ipite.

Nyar_Dunga: Mpiga nyatiti, zeze la Kiluo la nyuzi nane, huketi chini kabisa, nawe piga magoti. Usikate mguu wa kulia! Pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu huo, oduong'o, ndiyo inayogonga ala na kushika mdundo. Njuga za gara ziko mguuni hapo hapo. Kwa mwimbaji, simama pembeni ili maikrofoni isimzibe mdomo, ubonyeze anapovuta pumzi kati ya mistari ya wimbo. Flashi iache nyumbani. Tamasha kubwa mara nyingi huruhusu nyimbo tatu za kwanza tu, basi jua mapema ni zipi.

Mkataba_Kwanza: Kuhusu promota, ndugu, hapo ndipo wengi huumia. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila mkikubaliana vingine. Ukienda kwa hiari yako bila kuagizwa, ni yako. Kwa hiyo kabla ya shoo andikianeni: hakimiliki inabaki kwako, yeye anazitumia kwa mabango na mitandao, picha ngapi, lini, nusu ya malipo kwanza. Mengine yote mtaelewana, lakini sentensi ya hakimiliki isikose, na mwombe aitie sahihi.