Naomba ushauri: nawaelezaje watoto kwamba Mungu ni mwalimu?

Shaloom wapendwa, niko Tanga huku Ngamiani, nafundisha sandei skuli na mwezi ujao tunaanza somo la Mungu mwalimu wetu, nimekwama kidogo. Watoto hawa mwalimu kwao ni fimbo, juzi nimewauliza mwalimu akoje, katoto kamoja kakanyoosha kiganja kakafumba macho kabisa kanasubiri kuchapwa, wenzake wakacheka ila mimi sikucheka. Sasa naanzaje? Mathayo 11:29 ninayo, Yesu anasema tujifunze kwake maana ni mpole, na Zaburi 32:8 Mungu anaahidi kutufundisha njia huku jicho lake likitutazama, hapo pazuri sana. Shida ni Waebrania 12, kwamba Bwana ampendaye humrudi, yaani humwadhibu ili ajirekebishe, na mzee mmoja wa kanisa anataka nianze na hiyo hiyo (wazee nao!). Mi naona nianze na Petro, kamkana Yesu mara tatu lakini Yesu kamwandalia samaki kwenye makaa, wakala kwanza, ndo akamuuliza unanipenda, na watoto wa pwani samaki wa makaa wanamjua. Ile ya kuadhibiwa niwaelezeje bila kuwatisha, au niiache wakue kwanza? Wenye uzoefu na watoto wa miaka saba nane naombeni mawazo jamani.